Somo la Afya: Nywele za Kichwa na Chakula cha Mwili



Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 13, makuhani wa Israeli wapewa kazi ambayo leo tungeiita kazi ya mganga. Yawapasa kuitazama ngozi ya mtu na nywele zake, rangi yake na wembamba wake, kisha kungoja siku saba, na kutazama tena kabla ya kutamka neno lo lote. Na katika mstari wa 40 imeamriwa kwamba mtu aliyepukutikwa na nywele za kichwa ana upaa tu, naye ni safi. Twaona mambo mawili hapo. Nywele zaweza kuwa ishara ya jambo lililo ndani, ndiyo maana zatazamwa kwa uangalifu. Tena, mtu asihukumiwe kwa sababu ya nywele kabla hajachunguzwa.

Mambo hayo mawili yatuhusu sisi tukaao pwani ya kusini, kutoka Mikindani na Mtwara hata Msimbati, Kitaya na Kilambo, mahali mto Ruvuma unapokaribia bahari. Maana huku kuna maswali mawili juu ya nywele. La kwanza huulizwa kwa sauti: nywele zangu zanyonyoka, je, nimepungukiwa na vitamini gani, na dawa yake ni ipi? La pili hunong'onwa nyuma ya mlango, juu ya mtoto wa jirani ambaye nywele zake zimegeuka nyekundu. Swali la kwanza tutalijibu kwa ufupi. La pili tutalikalia zaidi, kwa kuwa ndani yake mna uhai wa mtu, na pengine heshima ya mama yake.

Kwanza tujue nywele ni kitu gani. Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000. Kila unywele huota katika kishimo chake chini ya ngozi, na sehemu iliyo hai ni shina lile la ndani tu. Sehemu tunayoisuka na kuipaka mafuta haina uhai tena. Hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Baada ya miaka miwili hata sita unywele huacha kukua, hupumzika miezi kama mitatu, kisha huanguka, na mwingine huota mahali pake. Kwa hiyo mtu mzima asiye na ugonjwa wo wote hupoteza nywele 50 hata 100 kila siku. Akiziona kwenye kitana asiogope.

Shina la nywele ni mfanyakazi mwenye bidii sana, nalo lahitaji chakula kingi: protini ya kuufuma unywele wenyewe, madini ya chuma, zinki, na vitamini za namna mbalimbali. Lakini mwili ni kama nyumba yenye msimamizi mwenye akili. Chakula kikipunguka, msimamizi huwagawia kwanza moyo, ubongo na damu. Nywele na kucha husubiri mwisho wa mstari. Mtu aweza kuishi bila nywele. Ndiyo sababu upungufu wa chakula huonekana mapema kichwani.

Ila kuna jambo moja liwapotezalo wengi njia. Mwili ukipatwa na shida kubwa, nywele nyingi huingia katika mapumziko kwa pamoja, wala hazianguki siku hiyo. Huanguka baada ya miezi miwili au mitatu. Mama aliyejifungua mwezi wa tano aweza kuona nywele zikimtoka kwa wingi mwezi wa nane. Hali kadhalika mtu aliyeugua malaria kali au homa ya matumbo, au aliyepasuliwa hospitalini, au aliyejinyima chakula ili apunguze mwili. Basi naye hutazama yaliyotukia juma hili, hulaumu sabuni mpya, au humlaumu mwanamke aliyemsuka, na pengine humdhania jirani kwamba amechukua nywele zake kwa uchawi. Sababu yenyewe ilikwisha kupita zamani. Mara nyingi nywele za namna hii hurudi zenyewe katika miezi sita hata mwaka, mradi mwili upate chakula chake.

Katika upungufu uwapatao wanawake wetu, wa chuma ndio wa kutazamwa kwanza. Damu ya kila mwezi, mimba zilizofuatana, malaria, na minyoo ya safura iingiayo kwa nyayo za miguu katika mchanga wenye unyevu, vyote hivi huutoa mwili chuma chake. Wajuzi hawajakubaliana ni upungufu wa kiasi gani uwezao kuangusha nywele. Lakini mwanamke anyonyokaye nywele, ambaye tena huchoka upesi, ambaye ndani ya kope zake ni kweupe, naye ana hamu ya kula udongo ule uuzwao sokoni, huyo aende akapimwe damu. Udongo haumpi chuma. Huzuia hata kile kidogo alichokula kisiingie mwilini. Chai pia hufanya hivyo ikinywewa pamoja na chakula. Ni afadhali kungoja saa moja au mbili. Samaki, dagaa na maini vina chuma kizuri, na mboga za majani na kunde hukitoa vizuri zaidi zikiliwa pamoja na ndimu au tunda lenye uchachu.

Sisi wa pwani tumepewa na jambo jingine. Maji yakipwa, wanawake huenda kuokota kombe na chaza, na wengine huwadharau kwamba wanatafuta chakula cha maskini. Chaza ana zinki kupita karibu kila chakula kijulikanacho, na zinki ni mojawapo ya madini ambayo nywele haziwezi kuyakosa. Mwenye kudharau na adharau. Sufuria yake ndiyo iliyopungukiwa.

Juu ya vitamini C yafaa tukumbuke habari moja ya bahari yetu. Mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama ziliipita pwani hii zikielekea kaskazini. Miezi michache kabla yake, zilipotia nanga katika mto mmoja karibu na Quelimane, katika nchi iitwayo leo Msumbiji, mabaharia wengi walivimba mikono na miguu, na fizi zao ziliyafunika meno hata wasiweze kula. Waliporudi kutoka Uhindi walikaa baharini miezi mitatu, wakafa watu wengi. Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499, wagonjwa walitamani machungwa kuliko vyote, na mtu akatumwa pwani kuyatafuta. Waliosalia walikuwa wachache mno kwa kuendesha merikebu zote, hata ikawapasa kuichoma moja. Ugonjwa huo ni kiseyeye. Pamoja na fizi huharibu nywele za mwilini pia: hujisokota na kukatika, na kandokando ya kila shina hutokea doa dogo la damu. Watu wale hawakujua vitamini. Neno lenyewe lilitungwa mwaka 1912.

Ni ajabu kwamba ni Wareno walioleta mkorosho kutoka Brazili, na mkorosho huzaa bibo, tunda lenye vitamini C mara kadhaa kupita chungwa. Leo kila msimu tunang'oa korosho na kuipeleka mnadani, na mabibo huachwa yaoze chini ya mti, au hutiwa katika mapipa ya kutengenezea pombe. Ndugu, mtoto anayekula bibo bivu shambani amepata chakula kizuri kuliko baba yake anayelinywa likiwa limekwisha kuchachuka.

Sasa, je, tununue vidonge? Siku hizi vyauzwa vidonge vya kukuza nywele, na bei yake yaweza kununua dagaa na maharagwe ya siku nyingi. Mtu asiyepungukiwa na kitu hapati faida kwa kuongezewa. Tena, vipo vyenye hasara. Vitamini A ikizidi mno mwilini, yenyewe huangusha nywele, na kwa mwenye mimba yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vitamini iitwayo biotini husifiwa sana katika matangazo, lakini ni nadra mtu kuikosa. Aikosaye pengine ni yule alaye mayai mabichi kila siku kwa muda mrefu, kwa kuwa ute mweupe usiopikwa huifunga isiingie mwilini. Dawa yake ni kulichemsha yai. Na anayemeza biotini kwa wingi amwambie mganga kabla ya kupimwa damu, maana hugeuza majibu ya vipimo vingine.

Wala si kila kunyonyoka ni njaa. Misuko iliyokazwa mno huvuta nywele za utosini na za pembeni mwa uso hata mashina yafe, na hapo hakuna chakula kitakachozirudisha. Mama akiona binti yake analia anaposukwa, amwonee huruma na kuilegeza. Mashilingi ya watoto wa shule ni ukungu, na hutibiwa kwa dawa ya ukungu. Upaa wa wazee huja kwa urithi. Ugonjwa wa tezi ya shingo na magonjwa mengine huangusha nywele, na hayo ni kazi ya hospitali.

Tuje sasa kwa mtoto.

Mtoto ana mwaka mmoja na nusu, au miwili. Alikuwa mnene, mchangamfu. Mama yake amepata mimba nyingine, au amekwisha kuzaa. Mtoto anaanza kununa, hataki kucheza, hana hamu ya kula. Nywele zake zilizokuwa nyeusi na za kujikunja zinakuwa nyembamba, zinanyooka, zinageuka rangi ya kutu. Ukizivuta kidogo zinatoka bila yeye kulia. Miguu na uso vinavimba, na wengine wasiojua husema amenenepa. Ngozi inachunika. Ugonjwa huu ndio unyafuzi.

Na wengi katika nchi yetu wana neno jingine: husema mtoto amebemendwa. Maana yake baba au mama ametoka nje ya ndoa wakati mtoto angali ananyonya, au wamekutana mapema mno baada ya uzazi, na kwa hiyo maziwa yameharibika na mtoto amedhurika. Neno likishatamkwa, mama huinamisha kichwa. Hampeleki mtoto kliniki, maana kila atakayemwona njiani atasoma uzinzi katika nywele za mtoto. Humficha ndani. Hutafutiwa mizizi ya kumwogeshea. Siku zapita, na mtoto afa kwa ugonjwa ambao ungalitibika.

Tusiwacheke wazee walioleta fikira hii, kwa sababu waliona jambo la kweli. Upande wa pili wa Afrika, katika nchi iitwayo leo Ghana, mganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliwaona watoto wa namna hii hii, akaandika habari zao mwaka 1933. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina alilolisikia kwa watu wa kabila la Ga, kwashiorkor, na akaeleza kwamba maana yake ni ugonjwa ampatao mtoto mkubwa wakati mdogo wake azaliwapo. Waganga wengine wa Ulaya walimpinga, wakadhani ni ugonjwa mwingine uliojulikana zamani. Huku kwetu Afrika ya Mashariki Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na baadaye katika hospitali ya Mulago huko Uganda, aliushughulikia miaka mingi, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu yake.

Basi angalieni: Waga na watu wa pwani yetu hawakupata kukutana, hata hivyo wote wawili waliona kwamba ugonjwa huja pale mtoto anapompisha mwenzake. Wakati waliuona sawasawa. Walikosea sababu. Mtoto aliondolewa ziwani kwa ghafula, akapewa uji wa muhogo mtupu. Tumbo lilijaa na mwili ukabaki na njaa. Zamani ilisemwa kwamba kilichokosekana ni protini peke yake. Wajuzi wa leo wanasema mambo ni mengi zaidi, kwamba upungufu wa vitamini na madini, surua, kuhara na vidudu vya matumboni hushirikiana katika kumwangusha mtoto. Lakini hapana hata mmoja wao aliyepata kuona maziwa yaliyoharibiwa na tendo la ndoa, wala na mimba. Maziwa ya mama mwenye mimba ni maziwa.

Mtu atasema: je, Kanisa sasa lalegeza Amri ya Sita? Hasha. Uzinzi ni dhambi mbele za Mungu, na huleta maradhi yake na machozi yake. Tena desturi ya zamani ya wazazi kujizuia ilikuwa na faida moja kubwa, kwamba ilitenga uzazi na uzazi, na mtoto akapata kunyonya miaka miwili. Hayo na yasemwe. Lakini hatuna ruhusa ya kulitetea agizo moja kwa kulivunja jingine, na anayemshitaki mama kwa ushahidi wa nywele za mtoto amekwisha kuivunja Amri ya Nane. Wazee wa kanisa na viongozi wa vyama vya wanawake, ninyi ndio mnaosikilizwa. Neno hilo likitamkwa mbele yenu, msinyamaze.

Mkimwona mtoto wa namna hiyo, fanyeni hivi. Bonyezeni kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, kwa muda wa kuhesabu polepole, kisha ondoeni. Ikiwa shimo labaki katika miguu yote miwili, apelekwe siku ile ile katika zahanati au kituo cha afya, na kutoka huko atatumwa mbele, pengine Ligula hospitalini. Huko mtoto wa miezi sita hata miaka mitano hupimwa pia mkono kwa utepe. Kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, ni hatari, hata kama hakuvimba. Msijaribu kumponya nyumbani kwa kumshindilia nyama na mayai. Mwili uliokaa na njaa hauwezi kupokea chakula kingi kwa ghafula, na wengine hufa kwa kulishwa kwa pupa. Hospitali humwanzishia maziwa maalumu, kidogo kidogo, usiku na mchana.

Na ili asifike huko, anyonye hata atimize miaka miwili au zaidi. Tangu miezi sita uji wake utiwe kitu: karanga au korosho zilizopondwa laini, unga wa dagaa, kunde zilizopondwa, yai lililopikwa, papai, mboga ya majani na mafuta kidogo. Tunauza korosho gunia kwa gunia. Kibaba kimoja kikibaki nyumbani kwa ajili ya mtoto hatutafilisika.

Hatuna budi kusema neno juu ya muhogo, maana ndio umtunzao mtu wa nchi hii katika miezi ya kwanza ya mwaka, ghala zikiwa tupu na mazao mapya hayajaiva. Muhogo ni chakula cha nguvu, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini una protini kidogo sana. Tena muhogo mchungu una sumu, na mwili huiondoa sumu hiyo kwa kutumia salfa itokayo katika protini. Na unywele nao umefumwa kwa protini yenye salfa nyingi. Kwa hiyo mtu alaye muhogo usiotengenezwa vema, bila samaki wala kunde, hupata kidogo na kutozwa kodi katika kile kidogo. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, watu wa mkoa wetu wa Mtwara, wengi wao watoto na akina mama, walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo uletwao na sumu hiyo, wala miguu hiyo hairudi. Wakati wa njaa watu hufupisha siku za kuloweka na kuanika, na hapo ndipo hatari ilipo. Iko njia rahisi ya kuongeza usalama: unga wa muhogo uchanganywe na maji, utandazwe juu ya ungo au mkeka, unene wake usipite sentimita moja, ukae juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha upikwe ugali siku hiyo hiyo. Sumu iliyosalia hutoka hewani.

Waganga wanaijua alama moja katika nywele za watoto, nao huiita bendera. Mtoto aliyepata chakula, akakosa, akapata tena, unywele wake huwa na mistari, kipande cheusi, kipande chekundu, kipande cheusi. Kwa kuwa unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, mtu aweza kuupima na kukadiria njaa ilikaa miezi mingapi. Mtoto aliyetibiwa akarudi nyumbani hazigeuki nyeusi zile nywele nyekundu alizo nazo, na mama asikate tamaa kwa sababu hiyo. Atazame karibu na ngozi. Baada ya majuma machache zitaonekana zinaota mpya, nyeusi na nzito, na zile za zamani zitasukumwa juu mwezi kwa mwezi, hata zibaki katika ncha tu, ambazo zaweza kukatwa kwa mkasi.